Nilimjibu haraka kuhusu miaka ya tarakimu mbili, sasa wazee wamepotea kwenye databesi

Shangazi shikamoo,

Samahani barua itakuwa ndefu kidogo, ila nisipoeleza yote hutanielewa. Mi ni mtu wa databesi, hii kazi nimeifanya miaka sita, na jioni nikishatulia huwa naingia kwenye kundi letu la mtandaoni la watu wa programu najibu maswali ya wale wanaoanza. Napenda sana japo hailipi, mtu akikwama siku nzima afu ukamkwamua kwa mistari miwili, raha yake siwezi kuieleza.

Sasa mwezi uliopita akaja dada mmoja na swali, anasema yeye ndo mtu wa kompyuta peke yake kwenye kituo cha afya, wana sistimu ya zamani yenye kumbukumbu za wagonjwa na wanahamia MySQL (programu ya databesi), shida yake ni kolamu ya tarehe ya kuzaliwa, imehifadhiwa kama maandishi tu na mwaka una tarakimu mbili, yani 14-03-52, 02-11-87, 30-06-09, zote ziko hivyo, aziingizeje kwenye kolamu ya tarehe ya kweli. Shangazi, hilo swali niliona rahisi kabisa kwa sababu mwaka juzi nilihamisha ankara za kazini kwetu zenye tarehe za sura hiyohiyo, kuanzia 1998 mpaka leo, na zilipita zote salama. Nikamjibu ndani ya dakika mbili: "Tumia STR_TO_DATE(tarehe, '%d-%m-%y'), MySQL inaijua karne yenyewe, usihangaike." (Hiyo %y ni mwaka wa tarakimu mbili.) Watu wakalaiki, mmoja akaandika "jibu limenyooka", dada akashukuru, nikaenda kulala nimefurahi.

Juzi karudi. Hakuja kwa hasira, na hicho ndo kinaniuma zaidi, kaja anauliza kwa upole tu. Anasema alifanya kama nilivyomwambia, haikutoka erori hata moja, akaangalia rekodi kumi za juu akaziona ziko sawa, akafuta kolamu ya zamani, wakaanza kutumia sistimu mpya. Wiki tatu nzima hakuna aliyeona kitu. Mpaka muuguzi mmoja alipoomba orodha ya wagonjwa wenye miaka 60 na kuendelea waitwe kuja kupimwa presha, orodha ikatoka tupu. Tupu kabisa Shangazi, kituo kizima hakina mzee hata mmoja! Kuja kuangalia, yule wa 14-03-52 ameandikwa amezaliwa 2052, umri wake unasoma namba hasi, na wenzake wote hivyohivyo.

Kundi likawaka moto. Mmoja anasema ilibidi aweke kikomo mwenyewe, ikizidi 30 iwe 1900 na kitu, mwingine anasema 50 ndo sahihi, mwingine anatukana kwamba hili tatizo la mwaka 2000, la kompyuta kuchanganya karne, lilishaisha zamani, kwa nini tunalijadili. Mi nimenyamaza. Nilifikiria hata kulifuta lile jibu langu lisionekane.

Naomba unisaidie vitu vitatu. Je hizo tarehe zinaokoleka wakati kolamu ya zamani imeshafutwa? Kikomo sahihi ni kipi hasa? Na mimi, niache tu kujibu watu? Maana naogopa sasa, kila nikiona swali vidole vinasita.

Niliyejibu Haraka

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na yule dada na kituo chake, wewe nitakufikia baadaye, maana kuna wazee walitakiwa kuitwa kupimwa na mpaka sasa hawajaitwa.

Tarehe zake zinaokoleka. Kolamu ya zamani imefutwa sawa, ila angalia kilichobaki: siku ipo, mwezi upo, na zile tarakimu mbili za mwisho za mwaka ziko vilevile, 52 imekuwa 2052, haijageuka 53. MySQL ilichofanya ni kubandika karne mbele tu, 00 mpaka 69 inabandika 20, 70 mpaka 99 inabandika 19, basi, haikuangalia kingine chochote. Kwa hiyo ukiibandua hiyo karne unazipata tarakimu mbili ulizoanza nazo na unaanza upya. Hata wale wa tarehe 29 Februari usiwahofie, maana ukirudisha miaka 100 nyuma mwaka mrefu unaangukia mwaka mrefu, 2052 ni mrefu na 1952 ni mrefu, isipokuwa pale kwenye 00 peke yake: 2000 ulikuwa mrefu na 1900 haukuwa. Mtu aliyeandikwa 29-02-00 basi ni wa 2000, labda kama karani alikosea kuandika.

Kinachoweza kuwa kimepotea kweli ni zile rekodi ambazo hazikuwa tarehe kamili tangu mwanzo. Kwenye kumbukumbu za wagonjwa hizo hazikosekani, mzee anaujua mwaka wake tu, karani anaandika 00-00-47 apite. Kulingana na sava ilivyopangwa, rekodi kama hiyo inaweza kuwa imeingia ikiwa tupu au ikiwa na mwezi wa sifuri. Hizo mwambie azitafute kwenye bakapu ya sistimu ya zamani, na kama mashine ya zamani bado ipo kwenye kona fulani mwambie asiruhusu mtu aizime wala kuigawa.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hajagusa kitu achukue bakapu ya leo, ndiyo, ya leo na makosa yake yote, maana akikosea katikati ya kurekebisha atataka kurudi hapa alipo na si mwezi uliopita. Halafu atenganishe rekodi zilizohamishwa na zile zilizoingizwa baada ya sistimu mpya kuanza. Hili watu wengi wanalisahau. Mtoto aliyesajiliwa wiki iliyopita kwa mwaka kamili yuko sawa, ukiendesha skripti ya kurekebisha bila kumtenga na yeye unaweza ukamharibu, afu hutajua.

Baada ya hapo amuulize data swali moja: huyu mtu alisajiliwa lini? Hakuna anayesajiliwa hospitali kabla ya kuzaliwa. Kama tarehe ya kuzaliwa iko mbele ya tarehe ya kusajiliwa, hapo hatubahatishi, karne ni mbovu, toa miaka 100. Yule wa 2052 kama alisajiliwa 2009 hana namna nyingine, ni wa 1952. Kwenye MySQL inaandikwa hivi, na matokeo yaende kwenye kolamu mpya, asiandike juu ya ile iliyopo:

UPDATE wagonjwa
SET kuzaliwa_mpya = kuzaliwa - INTERVAL 100 YEAR
WHERE imehamishwa = 1 AND kuzaliwa > kusajiliwa;

Hiyo imehamishwa ni kolamu ya alama atakayoiweka mwenyewe pale anapotenganisha. Na kabla ya UPDATE aendeshe SELECT COUNT(*) yenye WHERE hiyohiyo aone ni rekodi ngapi, aangalie na kama ishirini kwa macho, asichukue za juu tu kama mwanzo, achukue huku na huku.

Utaniuliza, je na tarehe ya kusajiliwa yenyewe ikiwa ni ya tarakimu mbili? Hiyo si tatizo, na ukielewa kwa nini si tatizo umeelewa jambo zima. Kituo kilianza kutumia kompyuta mwaka fulani, tuseme 1996. Basi usajili wote uko kati ya 1996 na leo, miaka kama thelathini, kwa hiyo 97 ni 1997 tu na 05 ni 2005 tu, hakuna namba inayoweza kusimama sehemu mbili. Ndo maana ankara zako zilipita mwanangu. Za kwako zinaanza 1998, zote zimekaa ndani ya dirisha dogo. Wala si kwamba MySQL iliijua karne, ila bahati nzuri kikomo chake cha 70 kilikuwa hakigusi data yako popote. Tarehe za kuzaliwa ni kitu kingine kabisa, kwenye kituo cha afya una mtoto wa jana na una bibi wa miaka 101 kwenye kolamu moja, hapo data imeshavuka miaka 100 na tarakimu mbili hazina nafasi ya kubeba miaka zaidi ya 100. Sura ya maandishi ni ileile, 14-03-52, lakini ni data mbili tofauti.

Kwa hiyo baada ya lile fungu la kwanza la waliozaliwa "baada ya kusajiliwa" atabaki na fungu la pili, wale wanaoweza kuwa wa karne yoyote kati ya mbili. Chukua huyo wa 30-06-09, tuseme alisajiliwa 2015. Ni mtoto wa miaka sita au mzee wa miaka 106, tarehe peke yake haiwezi kusema. Hapo aangalie kolamu nyingine: kuna jina la mzazi au mlezi? kuna rekodi ya chanjo za utotoni? uzito umeandikwa kilo 19? Kilo 19 na jina la mlezi, huyo ni mtoto, mwandike 2009, na kwenye kolamu ya pembeni aandike imeamuliwa kwa kigezo gani, uzito, mlezi au chanjo, ili mtu mwingine akija mwakani aone imetoka wapi.

Najua kishawishi cha hapo ni kusema aah, wenye miaka zaidi ya 100 ni wachache sana, wote wa fungu hili tuwaweke watoto tumalize. Mwaka 1992 kwenye mji wa Winona, Minnesota, Marekani, bibi mmoja wa miaka 104 alipata barua ya kumkaribisha chekechea, kwa sababu kwenye kumbukumbu mwaka wake wa kuzaliwa ulisomeka 88. Hiyo hadithi watu huwa wanaisimulia wanacheka, mimi kila nikiikumbuka naiwaza kwenye sistimu ya hospitali, dozi inapigwa hesabu kwa umri, bibi wa miaka 104 anahesabiwa kama mtoto wa miaka minne. Wachache ndiyo, ila ndo walio dhaifu kuliko wote humo ndani.

Wasioamulika hata kwa kolamu nyingine ni fungu la tatu. Hao asiwabahatishe. Kolamu mpya ibaki tupu, zile tarakimu mbili zihifadhiwe pembeni kama maandishi, na sistimu imwambie mhudumu "mwaka wa kuzaliwa haujathibitishwa" ili mgonjwa akija aulizwe mwenyewe au kadi yake iangaliwe. Na muuguzi aelezwe wazi kwamba orodha yake ya wazee haina hao, wapo hivi na hivi, majina haya hapa, atawatafuta kwa njia nyingine.

Mwisho wa upande wa dada, afunge mlango. Fomu ya kuingizia ikatae mwaka wa tarakimu mbili, isiurekebishe yenyewe kimyakimya, ikatae tu. Na kwenye jedwali aweke CHECK, yani sharti la kukataa rekodi mbovu, hivi: CHECK (kuzaliwa_mpya <= kusajiliwa). Nimesema kusajiliwa kwa makusudi, maana wengi hukimbilia kuandika kuzaliwa <= CURDATE() (hiyo ni tarehe ya leo) na MySQL haikubali kitu kinachobadilika kila siku ndani ya CHECK, watahangaika bure. Na hizi CHECK MySQL imeanza kuzisimamia kweli kuanzia toleo la 8.0.16, kwenye matoleo ya nyuma ya hapo unaiandika, inapokelewa vizuri tu, afu hakuna kinachozuiwa, kwa hiyo aangalie toleo lake kwanza.

Sasa hayo mabishano yenu ya kikomo. Nimekaa na hizi sistimu miaka mingi na nakwambia hakuna kikomo sahihi, kuna kikomo kinachofaa data fulani, na wakati mwingine hakipo kabisa. Hata wenye programu wenyewe hawajawahi kukubaliana. Chukua tarehe moja tu, 14-03-60. MySQL inakupa 2060. PostgreSQL ukiisoma kwa YY inakupa 2060, yenyewe inatafuta mwaka ulio karibu na 2020. Python kwa %y inakupa 2060, kikomo chake ni 69, umeona kimepishana na MySQL kwa mwaka mmoja, yani 69 yenyewe Python inasema 1969 na MySQL inasema 2069. SQL Server ikiwa na mpangilio wake wa kawaida inakupa 1960. Oracle ukiandika RR inakupa 1960, ukiandika YY inakupa 2060, herufi mbili tu zinamzeesha mtu au kumfuta. JavaScript ukiipa 60 kama namba ya mwaka inakupa 1960, na kwake kuanzia 0 mpaka 99 zote ni za 1900 na kitu. Java, ile SimpleDateFormat, hiyo dirisha lake linatembea, miaka 80 nyuma na 20 mbele kuanzia pale unapoiendesha, kwa hiyo skripti ileile juu ya faili lilelile ukiirudia baada ya miaka kadhaa inaweza kukupa jibu jingine.

Sasa fikiria faili moja linaingia kwa Python, linakaguliwa na mtu mwingine kwa Excel, linaishia SQL Server. Kila programu inabandika karne yake na hakuna inayolalamika. Kwa hiyo wale wa 30 na wa 50 kwenye kundi, kila mmoja anatetea programu aliyoizoea, na hakuna kati yao aliyeuliza data ya dada inaanzia mwaka gani na kuishia mwaka gani.

Simaanishi tarakimu mbili ni haramu kila mahali. Ile mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa pasipoti, inayosomwa na mashine, inaandika mwaka kwa tarakimu mbili mpaka leo. Alama za GS1 (zile za kuskani) kwenye bidhaa zinabeba tarehe ya kuisha kwa tarakimu mbili, lakini kanuni imeandikwa wazi: kwenye tarakimu mbili za alama toa tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa sasa, tofauti ikiwa 51 mpaka 99 ni karne iliyopita, ikiwa hasi 99 mpaka hasi 50 ni karne ijayo, zinazobaki ni karne hii. Inafanya kazi kwa sababu hakuna bidhaa inayowekwa dukani miaka 50 kabla haijaisha. Waliotunga waliijua data yao kwanza, kanuni ikafuata.

Na huyo anayesema tatizo liliisha mwaka 2000, mwambie kwa heshima kwamba mengi hayakuisha, yalisogezwa mbele. Tarehe 1 Januari 2020 Splunk (programu za kukusanya kumbukumbu za mashine) ambazo hazijaapudetiwa ziliacha kuutambua mwaka wa tarakimu mbili kwenye kumbukumbu zinazoingia, ilibidi kampuni itoe marekebisho mapema. Tarehe 1 Januari 2022 barua pepe zilikwama kwenye sava za Microsoft Exchange dunia nzima, kisa tarehe ilikuwa inageuzwa kuwa namba moja inayoanza na tarakimu mbili za mwaka, ikafika 2201010001, na nafasi waliyoitenga haivuki 2147483647. Mwaka ulipokuwa 21 ilitosha, ulipofika 22 ikafurika.

Haya, sasa wewe.

Kwanza lile jibu lako usilifute. Mtu mwingine mwenye kolamu kama hiyo atatafuta, atalikuta, au atakuta nakala yake mahali pengine, ni bora akute na marekebisho juu yake. Lirudie, juu kabisa andika kwamba jibu hili lilikuwa na kosa, waliozaliwa kabla ya 1970 wanaangukia miaka ya 2000, afu weka njia ya kurekebisha niliyokueleza hapo juu. Maneno ya zamani yaache yabaki chini ili wanaosoma waelewe kosa lilikuwa wapi. Na zile laiki usizichukulie kama uthibitisho, sidhani kama hata mmoja kati ya waliolaiki aliendesha ile kwiri kwenye data ya watu wa umri mchanganyiko, waliona jibu fupi lenye uhakika wakalipenda.

Kosa lako mimi naliona sehemu mbili, na haraka si mojawapo. La kwanza ulijibu swali la ankara wakati umeulizwa swali la wagonjwa. Hukuuliza hiyo tarehe ni ya nini japo alikwambia mwenyewe, kuzaliwa, neno lilikuwepo kwenye swali. La pili ulisema "MySQL inaijua karne yenyewe" kama kitu unachokifahamu, kumbe ulichokuwa unafahamu ni kwamba ankara zako zilipita. Hivyo ni vitu viwili na yeye hakuwa na namna ya kuvitofautisha, alikuamini.

Ngoja nikuandikie jibu ambalo ungeweza kulitoa usiku ule ule, kwa dakika zile zile mbili au tatu:

"Hapo kuna wazee na watoto kwenye kolamu moja, kwa hiyo kuwa makini, %y ya MySQL inapeleka 00 mpaka 69 kwenye miaka ya 2000, wazee wote watakosewa. Una tarehe ya kusajiliwa kwenye hizo rekodi? Kama unayo tunaweza kuitumia. Mimi %y nimeitumia kwenye ankara za kuanzia 1998 tu, tarehe za kuzaliwa sijawahi. Chochote utakachofanya usifute kolamu ya zamani, na ukimaliza angalia MIN na MAX (tarehe ya nyuma kabisa na ya mbele kabisa) ya kolamu mpya."

Soma tena hiyo. Haina ujuzi wowote usiokuwa nao, cha ziada hapo ni kuangalia ukurasa mmoja wa maelezo ya MySQL kuhusu miaka ya tarakimu mbili, na umesema wazi ulijaribu wapi. Hata kama ukurasa wenyewe hukuufungua, sentensi ya ankara za 1998 peke yake ingemfanya yeye mwenyewe ashtuke, maana anajua ana wagonjwa wa zamani kuliko hapo. Na MIN na MAX ingemalizia, angeona MAX ya tarehe za kuzaliwa iko 2060 na kitu siku ileile, kabla ya kufuta chochote. Hiyo ndo naiweka mbele ya yote ukitoa ushauri wa databesi kwa mtu usiyemwona: mpe na namna ya kukagua. Erori kutotokea si ukaguzi, tarehe ya 2052 ni tarehe halali kabisa kwa MySQL, itatoa wapi erori? Na rekodi kumi za juu si ukaguzi, huwa zimekaa jinsi zilivyoingizwa, unaweza ukakuta kumi zote ni za vijana.

Jambo jingine, ukimuuliza mtu mfano wa data mwambie abadilishe majina na namba kabla hajabandika. Nimeona watu wanabandika rekodi za wagonjwa wazima wazima mbele ya mamia ya watu kwa sababu tu mjibuji alisema "leta data tuone". Mistari mitatu ya kubuni yenye sura ileile inatosha.

Kuacha kujibu hapana. Huyo dada yuko peke yake pale, hana wa kumuuliza kwenye chumba cha pili, ukiacha wewe atajibiwa na yule anayetukana. Vidole vikisita viache visite dakika moja, uliza hilo swali la kwanza, kama jibu hulijui sema hadi wapi unajua, wengine watajazia. Hakuna aliyekutuma ujibu lote peke yako.

Kwa hiyo leo jioni kabla ya kundi, mwandikie yeye moja kwa moja. Mwambie ulikosea wapi kwa sentensi moja, usimwekee aya nzima ya kujuta maana atalazimika kukubembeleza wakati ana kazi, afu mwambie bakapu ichukuliwe leo na mashine ya zamani isiguswe. Jitolee kukaa naye kwenye simu wakati anaendesha ile COUNT. Fungu la kwanza likishatoka tu, kabla hata hamjafika la pili, muuguzi apewe orodha yake, karibu wazee wote watakuwa humo. Mkishajua fungu la tatu lina rekodi ngapi niandikie, kama ni nyingi kuna njia ya kutumia mpangilio wa namba za kadi za zamani kubana miaka ya usajili, ila hiyo inataka nione zilivyokaa.

Shangazi